Mwanangu, lipa kwanza ndo tuongee michango

Marahaba baba. Huku Igombe hatujambo, mafua tu yamenishika ila mwaloni kwenye dagaa nashuka kama kawaida. Meseji yako ya mchango nimeipata na lile tangazo nimeliona, mmependeza kwa kweli, vijana wa parokia mnaenda kwa watoto yatima Jumamosi ya kuamkia Matawi, elfu ishirini kila mtu, tisheti humohumo, na mpiga picha anakuja na kile kidude cha kuruka juu. Umeniomba niwaambie wamama wa jumuiya nao wachangie. Nikakujibu "nitaona", na najua ulishangaa maana kwenye mambo ya kutoa mama yako huwa hana nitaona. Sa ndo nakujibu vizuri. Ni ndefu, usiisome ukiwa kwenye boda.

Kwanza nimefurahi, nisikufiche. Wenzio Kwaresima kwao ni kuacha soda siku arobaini halafu Pasaka wanazinywa zote kwa mpigo, we umemfikiria mtu mwingine, hilo nimeliona na nimemshukuru Mungu. Na bahili hujawahi kuwa, hata zaka najua unatoa.

Ila baba kuna jambo na siwezi kulizunguka.

Juzi jumuiya ilikuwa hapa kwetu. Tulipofika kwenye nia, pale kila mtu anasema anataka aombewe nini, yule mama tunayeanika naye dagaa, ambaye binti yake umemweka kwenye kibanda chako cha uwakala wa kutuma na kutoa hela kwa simu pale Nyegezi, akasema naombeni mnisaidie kumuombea mwanangu, ana mwezi wa pili hajapewa mshahara na mwenye nyumba kamwambia asipolipa kodi atoe vitu nje. Akanyamaza. Hakutaja kibanda ni cha nani, wala hakuniangalia, alikuwa anachomoachomoa nyuzi za mkeka. Na wamama wengi mle ndani wanajua binti anafanya kazi wapi. Tukasali fungu zima la rozari kwa ajili yake na mimi nikawa naitikia na wenzangu "utuombee sisi wakosefu", sauti haitoki.

Sikumuuliza palepale, nilimngoja kesho yake tukiwa tunageuza dagaa. Hakutaka kusema, nikambana, ndo akanieleza habari ya shoti, yaani hela iliyopungua kibandani. Kwamba mteja alimwonyesha binti meseji kwamba ametuma hela, binti akatoa keshi, kumbe meseji ya uongo na hela haikuingia, laki mbili na sabini ikaondoka. We ukasema atalipa mwenyewe, ukashika mshahara. Haya. Mshahara wake laki na nusu, umeshika miezi miwili, hiyo ni laki tatu. Mi sijasoma sana lakini hesabu za mwaloni nazijua, sa niambie, hata tukisema shoti yote ni ya kwake, ile elfu thelathini iliyozidi iko wapi? Na huo mwezi wa pili anakula nini, na nauli ya kuja kukufungulia kibanda anatoa wapi?

Kuna kijana huku kasomea mambo ya kazi, nilimuuliza bila kukutaja. Akasema sheria ya ajira ya mwaka 2004 haimruhusu tajiri kujikatia tu, kwanza ijulikane ni uzembe wa mfanyakazi kweli, aelezwe kwa maandishi, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara. Robo baba. Wewe umekata yote. Na nimeanza na sheria ya serikali makusudi, maana ukiona hata serikali inakudai kidogo hivyo na hujafikisha, ya Mungu utaifikishaje.

Sa tuje kwenye Maandiko, najua unayapenda. Chukua Biblia yako, fungua Tobiti sura ya nne. Mzee Tobiti ni kipofu, anadhani anakufa, anamwita mwanae Tobia kumuusia. Ni mzazi anaongea na mwanae kama mimi na wewe hapa, ndo maana napenda ile sura kuliko nyingi. Anamwambia toa sadaka, ukiwa nacho kingi toa kwa wingi, ukiwa nacho kidogo usiogope kutoa hicho kidogo. Watu wanaishia hapo, inasomwa tunapiga vigelegele. Songa mbele mpaka mstari wa kumi na nne. Anasema mtu akikufanyia kazi mlipe siku ileile, ujira wake usilale kwako. Ni usia uleule, mdomo uleule, hajakohoa katikati. Kwake yeye kumlipa kibarua na kumpa maskini chakula ni mazungumzo mamoja, sisi ndo tumeyatenganisha, la maskini tumelipeleka kanisani na la kibarua tumeliacha kibandani tukaliita biashara.

Na usidhani Tobiti alikuwa malaika, rudi sura ya pili uone. Macho yalipoharibika kwa vinyesi vya ndege, mke wake Ana ndo akawa anafuma kwa watu kulisha nyumba. Siku moja matajiri zake wakamlipa hela yake yote na juu yake wakamuongeza mwanambuzi. Mzee kusikia mbuzi analia ndani akamkomalia mkewe umeiba, rudisha kwa wenyewe. Mama wa watu anaeleza ni zawadi, mzee hataki kusikia. Mwanamke akachoka akamuuliza, sadaka zako zote ziko wapi sasa? Yaani mtu aliyewalisha wenye njaa na kuzika maiti za watu kwa mikono yake, ndani kwake anamuita mwizi mtu anayemlisha. Hilo swali la Ana nimekaa nalo wiki nzima. Wewe binti umemuita nini? Maana mama yake anasema ulimwambia mbele ya wateja "labda mmegawana na huyo tapeli". Kama hukusema nitafurahi kusikia.

Halafu kuna kitu nataka ukielewe kwa sababu umekaa mjini umeanza kusahau mambo ya ziwani. Dagaa wanavuliwa kwenye giza. Taa inawashwa juu ya maji, zamani karabai sasa hivi hizi za sola, dagaa wanaifuata, nyavu inawazoa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu, mitumbwi inavutwa juu ya mchanga na sisi wa kuanika hatuna cha kuanika. Sa Pasaka inahesabiwa kwa mwezi, ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu, kwa hiyo Juma Kuu kila mwaka huku ni mbalamwezi, kila mwaka baba. Watu wa dagaa tunaingia Ijumaa Kuu mifuko mitupu hata tuwe tumefunga au hatujafunga. Siku kama hizo yule mama anaishi kwa elfu kumi kumi anazorushiwa na binti yake. Umeshika mshahara wa mtu mmoja, nyumba mbili zimelala njaa, na Jumamosi ya kuamkia Matawi utakuwa umevaa tisheti imeandikwa upendo mgongoni.

Najua utanijibu biashara ngumu, floti, ile hela ya kuzungushia uwakala, imeyumba. Naamini. Lakini ile elfu ishirini ya mchango umeitoa, na nasikia umeahidi kuongeza hamsini za kumlipa mpiga picha. Hela ipo, imechagua tu pa kwenda. Na mi nakwambia kwa nini imeenda huko, kwa sababu sadaka unaipanga wewe, siku unachagua wewe, kiasi wewe, na ukitoa watu wanakupigia makofi. Mshahara haukuulizi. Ukiulipa hakuna wa kupiga makofi, binti atasema asante bosi yatakuwa yameisha. Ndo maana kutii kunatushinda, hakuna picha. Na hiyo laki tatu sio yako kuanzia ile siku ya mwisho wa mwezi, ni ya binti iko tu kwenye simu yako, sa unatoaje sadaka na hela ya mtu umeishikilia? Yakobo sura ya tano anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele na Bwana anasikia. Hata kwenye Katekisimu zile dhambi zinazomlilia Mungu, pamoja na ya Kaini ya kumwaga damu, mojawapo ni kumdhulumu mfanyakazi ujira wake. Usiichukulie poa.

Kuna tajiri mmoja wa mitumbwi huku, simtaji, kwenye harambee ya paa alisimama akatoa milioni tukashangilia mpaka spika ikakoroma, na nje ya geti walikuwa wamekaa vijana wake wawili wanamsubiri atoke wamdai. Mi nilipita katikati yao nikitoka. Sitaki siku moja nikikaa kanisani mtu awe anakusubiri wewe nje.

Bwana mwenyewe alishasema, ukiwa umeleta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno na wewe, iache palepale, nenda kwanza mkapatane, ndo urudi utoe. Angalia hasemi ukikumbuka kwamba WEWE una neno na mwenzio. Anasema yeye ana neno juu yako. Mi nakukumbusha tu, sasa umeshakumbuka.

Fanya hivi. Mlipe laki tatu yote, kwa mkono wako, uende mwenyewe usimtume mtu, na uende kabla ya saa za wateja wengi. Kama ulimtukana mbele ya watu, mwombe radhi mbele ya watu, hilo ni gumu kuliko hela najua. Habari ya shoti ikae mezani siku nyingine, muangalie pamoja ilivyokuwa, kama kweli alizembea mkubaliane kidogokidogo na muandikishane. Ila jiulize pia, ulimfundisha? Ulimwambia asiangalie meseji ya mteja, aangalie salio la kwenye simu ya kazi ndo atoe hela? Mtu umemtoa kwenye dagaa ukamkabidhi laki tano za floti, maelekezo dakika kumi, halafu akiibiwa ni yeye.

Halafu hiyo safari yenu. Mi siikatai. Ila pigeni simu kabla kwa masista wanaolea hao watoto mkawaulize wanataka nini, maana kila Kwaresima wanapelekewa sukari na biskuti mpaka wanakosa pa kuweka, wakati wasichana wakubwa wanahitaji taulo za kike na mwingine anadaiwa hela ya mitihani. Tisheti acheni. Na watoto msiwapige picha nyuso, wewe ungependa sura yako ukiwa unapokea sabuni izunguke kwenye magrupu? Bwana kasema mkono wa kushoto usijue, nyie mnataka mpaka angani pajue.

Na mkibakiwa na nguvu, siku nyingine nendeni Bukumbi kwa wazee. Mapadre wa mwanzo walifungua misheni pale mwaka 1883, na kituo cha wazee kipo. Kwa wazee hampigi mziki. Mnakaa. Mmoja anataka kukatwa kucha, mwingine redio imekufa anataka betri tu, mwingine atakuhadithia habari moja mara nne na wewe unaitikia kila mara kama ndo unaisikia. Tuone wangapi kwenye grupu watajiandikisha.

Baba yako nimemsomea hii barua kabla sijatuma, akasema nimekuwa mkali. Nikamwambia dawa ya deni kulipa, akacheka, akaongeza nikuambie pikipiki yako ile pampu ya mafuta aliyoiagizia imefika.

Mchango wa wamama nitauongelea jumuiya ya Jumamosi hii na naamini watatoa, mi mwenyewe nimeweka pembeni kiroba cha dagaa wakavu, wale wazuri wa juu ya chanja sio wa mchangani. Kitatoka siku nikimsikia mama yake binti anasema wamelipwa. Wewe usinitumie skrinishoti.

Ni mimi mama yako.