Barua ya wazi kwa wadogo zangu wa baraza la kahawa, Ujiji

Wadogo zangu, asalaam aleikum.

Nasikia mwenzetu mwingine ameanguka, na baraza zima limeamua kuwa ni uzee, basi. Mimi nimewatangulia nyote kuzaliwa, na mwaka juzi nilianguka uani kwangu, mchana kweupe, pasipo utelezi. Naomba nisikilizwe kabla bao halijaanza.

Enzi zangu za melini, kusi likivuma, nilisimama sitahani na birika la chai na tone halikumwagika. Nilidhani ni ujanja wangu. Kumbe ni vigimbi. Mtu akisimama, uzito wake huangukia mbele kidogo ya vifundo vya miguu, kwa hiyo mwili wakati wote unataka kwenda kifudifudi. Vigimbi ndivyo vinavyouvuta nyuma.

Mtaalamu wa viungo alinipigisha magoti juu ya kiti, nyayo zikining'inia, akagonga kano ya kisigino kwa kinyundo cha mpira. Unyayo wa kulia ukakanyaga hewa wenyewe. Wa kushoto, kimya. Akaniuliza habari za kisukari, maana huzima mwitiko huo, ingawa hata umri peke yake huufifisha. Kano ikigongwa, nyama ya kigimbi huvutika ghafla. Habari hukimbilia uti wa mgongo na amri hurudi chini ya sehemu 50 za elfu moja ya sekunde, bila kuungoja ubongo. Mjerumani Paul Hoffmann aliuchunguza kwa umeme mwaka 1910, miaka michache kabla wenzake hawajatuletea meli ya Graf von Goetzen, ambayo ndiyo Liemba yetu ya ziwani.

Nilidhani mazoezi yangeufanya mguu ushtuke upesi zaidi. Sivyo. Watu wanaojizoeza mizani ya mwili, yaani kusimama bila kuyumba, hupimwa wakakutwa mwitiko huo umepungua, na kuyumba kumepungua pia. Ubongo umeshika usukani. Mnamjua mshika usukani mgeni, anayezungusha gurudumu kwa kila wimbi? Meli yake ndiyo inayotapisha abiria.

Basi zoezi la vigimbi, la kuinua visigino, peke yake halitoshi; linaleta nguvu tu. Shika benchi, panda taratibu, shuka taratibu zaidi, mara kumi. Pumzika. Kisha simama kwa mguu mmoja, kidole kimoja kikigusa ukuta. Hapo kwenye kupumzika msinifuate mimi: siku ya kwanza nilimaliza nikashika njia ya kwenda sokoni, nikayumba watu wakadhani nimelewa, mimi na umri huu! Kigimbi kilichochoka huharibu mizani kwa muda. Mwenye kisukari au ganzi ya nyayo amwone daktari kwanza.

Benchi letu la mninga halitikisiki, linatosha wanne kwa zamu. Ijumaa baada ya swala nitakuwapo. Atakayesimama kwa mguu mmoja mpaka nimalize kikombe changu, kahawa yake nalipa mimi. Nami sinywi haraka.