Mafundi wa laser, mutuulize kwanza kipande kinaenda wapi

Bwana Mhariri, jambo sana,

Niko na mashine ya kusaga mahindi hapa Katuba, Lubumbashi, na nataka niongee na vijana wetu wenye atelye za kukata chuma kwa laser, ule mwali mkali wa mwanga, maana kazi yao naipenda, ndiyo maana hii kitu imeniuma.

Mashine yangu inasaga kwa nyundo, vile vibamba vya chuma vinaning'inia kwenye pini na kuzunguka mbio sana. Zamani nilikuwa nazikatisha kwa fundi wa kuchomelea kwa moto wa gesi, moja inatoka nzito ingine nyepesi, ukiwasha mashine inatetemeka mpaka bolti zinalegea na beringi inakufa mapema. Laser inakata zote sawasawa, basi nikachukua nyundo moja ya zamani nikapeleka atelye moja, nikakomanda 24 kama hiyo.

Kijana akapima, akachora kwenye kompyuta, akakata siku ileile. Zilitoka nzuri kweli, kingo safi. Nikazifunga nikawasha, kelele! Nikazima mbio. Kushika moja naona inacheza kwenye pini: pini ni milimita 20, tundu 22 na kitu. Kumbe alipima tundu la nyundo iliyochoka, lilishaliwa na pini miaka yote mpaka likawa kama yai. Na unene vilevile, mwanzoni ilikuwa milimita 6, imebaki 5, naye akanikatia kwenye toli, yaani bamba la chuma, ya 5. Nililipa nyundo mpya 24 zenye uchakavu wa ile ya zamani. Kurudi kwao naambiwa mama, kipande ni wewe ulileta.

Ni kweli nilileta. Lakini mimi najua unga, chuma ni wao. Wangeuliza tu "mama, hii inaingia kwenye nini?" ningekimbia kuleta pini, tundu wangeliacha 20 na nusu, kazi imeisha. Tena ule mwali wenyewe unakula chuma kidogo, kama milimita 0.2 hivi kwa toli nyembamba, wao ndio wanajua kuipigia hesabu, sisi tutajulia wapi?

Ninachoomba ni hiki: kata moja kwanza, mteja aende kuijaribu kwenye mashine yake, zile 23 zifuate. Na mchoro wenye vipimo tuutie sahihi wote wawili kabla ya kukata, hata kwa karatasi ya daftari.

Na sisi wateja tuache kutuma picha ya simu peke yake, picha haina kipimo. Mwanangu anayesoma ufundi anasema hata faili la DXF, ule mchoro wa kompyuta, likifunguliwa kwa inchi badala ya milimita, kipande kinakuwa kikubwa mara 25.4. Kwa hiyo andika kipimo, andika unene, andika ni chuma gani, maana chuma laini kwenye nyundo kinaisha haraka. Omba kila nyundo iwe na matundu mawili, moja kila mwisho, pembe moja ikiisha unageuza, unapata pembe nne. Chujio la unga lenyewe usipeleke laser, vitundu vyake ni vidogo na ni maelfu, tafuta lililotobolewa kiwandani.

Wiki ijayo nakomanda upya, toli ya 6, na pini naenda nayo mkononi.

Mama wa mashine, Katuba, Lubumbashi