Barua kwa Kiprono kuhusu Albamu ya Dolly

Kwako ndugu Kiprono,

Salamu nyingi. Huku Nakuru tu wazima, na Mama anakusalimu. Wafula ameniambia kwamba umeziondoa nyimbo za Dolly Parton, yule malkia wa kantri wa Marekani, katika orodha ya harusi ya Chebet, eti tangu atoe albamu ya roki, Rockstar, mwaka 2023 ameusaliti muziki wa kantri. Hukumu hiyo imeninyima usingizi kuliko hata lile deni lako.

Msaliti gani huyu? Alipopendekezwa kuingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, jumba la kuwaenzi magwiji wa roki, mwaka 2022, aliomba jina lake liondolewe kwa kuwa hakujiona anastahili. Walipomchagua licha ya ombi hilo, aliikubali heshima ile, kisha akaingia studio kuitolea jasho. Tena roki si ngeni kwake: wimbo wake wa kwanza kutolewa, mwaka 1959, ulikuwa na mdundo wa rokabili, ule mseto wa roki na kantri, na mumewe, marehemu Carl Dean, alikuwa mpenzi mkubwa wa roki.

Lawama yangu mimi ni nyingine. Nyimbo 30 ni nyingi mno, na zile alizozichukua kwa wengine ameziimba karibu kama wenyewe walivyoziimba. Katika Let It Be, wimbo wa Beatles, wamo Paul McCartney na Ringo Starr wa kundi hilo wenyewe, nami nilijikuta nikiwasikiliza wao, yeye nimemsahau. Linganisha na Shine, wimbo wa roki alioupandisha milimani kwa banjo, ala ya nyuzi ya kantri ya milimani, mwaka 2001 ukampatia Grammy, au Stairway to Heaven wa kundi la roki la Led Zeppelin alivyouimba mwaka 2002, kabla ya kuurudia katika albamu hii, Lizzo akimpigia filimbi. Zamani wimbo ulimfuata yeye. Safari hii yeye ameufuata wimbo. Kwa hiyo kosa lake, kama lipo, ni adabu iliyozidi, kama mgeni anayeogopa kusogeza kiti katika nyumba ya watu. Wimbo wa World on Fire katika albamu hiyo, alioutunga mwenyewe na kuwakemea wanasiasa waongo, hauna woga huo hata kidogo.

Je, umeisikiliza albamu yote, au uliishia kwenye jalada? Ni Njoroge aliyekutia maneno, yule anayedai kwamba kantri ilizikwa pamoja na Jim Reeves? Bibi harusi mwenyewe ameulizwa? Na hata ukiikataa roki yake, Coat of Many Colors ya mwaka 1971 imekukosea nini? Nijibu kabla ya Jumamosi, maana mama yake Chebet ameshaanza kuuliza.

Wako,
Barasa