Kwa kina mama mnaowafunda wari wetu

Wadogo zangu na wanangu mnaokaa na mwali kabla ya harusi,

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kicheni pati ya mjukuu wa jirani yangu hapa Tanga. Somo wake alisema vizuri sana juu ya usafi, chakula na kauli njema. Kisha akatoa mfano wa mabibi wa Kiingereza wa enzi za Malkia Victoria: walifundwa wakafundika, nyumba zao ziking'aa, waume wametulia. Mkapiga vigelegele. Mimi nimefundisha sayansi kimu miaka 31, na mabibi hao nimewasoma kwa muda mrefu. Nimeshindwa kunyamaza.

Kufundwa walifundwa. Binti wa tajiri alijifunza piano, Kifaransa, kuchora na kudarizi, wala hakutoka nje bila mtu mzima wa kumsindikiza. Binti wa maskini alitiwa sindano mkononi angali mdogo. Kanuni za serikali za mwaka 1862 zilitaka wasichana wa shule zenye ruzuku wafundishwe kushona. Vitambaa vyao vya mazoezi vipo hadi leo. Juu herufi zote za alfabeti, chini yake tarakimu, kisha maneno ya dini, na mwisho jina la mtoto na umri wake. Kila herufi imejengwa kwa vimisalaba vidogo vya uzi, na ili visiende upande lazima nyuzi za kitambaa zihesabiwe moja moja. Kazi hiyo naiheshimu. Nimeshona, najua macho yanavyowasha ikifika jioni.

Lakini muda ule ulikatwa mahali, wanangu, nao ulikatwa kwenye hesabu. Wavulana waliendelea na hesabu zao, na wasichana wakalegezewa kamba katika somo hilo kwa kuwa sindano ilikula saa zao.

Msichana huyohuyo akishaolewa anaambiwa aweke daftari la matumizi ya nyumba! Isabella Beeton, ambaye kitabu chake cha mwaka 1861 kiliongoza majiko ya Waingereza kwa vizazi, alisisitiza sana daftari hilo liandikwe kwa wakati na kwa uangalifu. Watu humdhania bibi aliyekula chumvi nyingi. Kitabu kilipotoka alikuwa na miaka 25, na mtoto wake wa kwanza alikuwa amekwisha kumzika. Mwaka 1865 homa ya uzazi ikamchukua akiwa na miaka 28. Huyo ndiye mama wa nyumba tunayemtolea mfano.

Na fedha za kwenye daftari lile zilikuwa za nani? Hadi mwaka 1870, mshahara wa mwanamke aliyeolewa Uingereza ulikuwa mali ya mumewe kisheria, na ni sheria ya mwaka 1882 iliyompa haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Caroline Norton, mwandishi, alikuwa mjukuu wa mtunzi mashuhuri wa tamthilia, na adabu zote za tabaka lake alizijua. Alipotengana na mumewe mwaka 1836 alinyimwa watoto wake, na alichokipata kwa kalamu sheria ilikihesabu kuwa cha mume yuleyule. Adabu zote zile hazikumrudishia hata mtoto mmoja.

Mafunzo ya namna hiyo yalivuka bahari yakafika kwetu. Pale Mbweni, Unguja, wamisionari Waanglikana walikuwa na shule ya wasichana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na Caroline Thackeray alifika kuiongoza mwaka 1877. Wenye kichwa cha kitabu waliandaliwa ualimu, na wengine wakapelekwa kwenye kupika, kufua na kushona. Somo nililolifundisha mimi lina mzizi huko, sikatai.

Nami nilifundika. Nilipoolewa nilijua kupiga pasi kola ya shati isibaki mkunjo hata mmoja. Sikujua kwamba shamba tulilonunua kwa mshahara wangu liliandikwa jina moja tu, nalo si langu. Nililijua hilo mume alipofariki, mashemeji wakaja na karatasi. Hakuna hata mmoja katika walionifunda aliyenitajia hati.

Kwa hiyo nawaomba. Fundeni pilau, fundeni usafi, fundeni kauli njema. Kisha mwambieni mwali kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki ya kumiliki mali kama mume. Mwambieni pia kwamba mwaka 1983 Mahakama yetu ya Rufani ilikubali kazi za nyumbani kuwa ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika kwake na kufua kwake vina hesabu mbele ya hakimu. Mfundeni asome hati mstari kwa mstari, atafute jina lake lilipo, asiweke dole gumba kwenye asichokielewa.

Jumamosi ijayo naletewa mwali mwingine. Kanga zake mama yake amekwisha kunionyesha. Mimi nimemnunulia daftari la kurasa 200, na ukurasa wa kwanza ataandika vitu vilivyo vyake.

Bibi yenu,
Tanga