Bistecca huivishwa na makaa, si ndimi za moto

Mhariri,

Picha mliyoiweka juu ya makala ya mikahawa ya Kitaliano inayochoma nyama kwa mkaa inaonyesha ndimi za moto zikiilamba steki. Inavutia macho, lakini mpishi akiifuata ataharibu nyama ya bei ghali. Jiko la Firenze, mji wa mkoa wa Toskana nchini Italia, linalojua kazi yake huchoma kwa makaa. Tunalisema hili kwa sababu Malindi na Watamu, ambako Waitaliano wameishi miaka mingi, wanaosimama mbele ya majiko hayo ni vijana wetu.

Bistecca alla fiorentina, yaani steki ya Firenze, hukatwa kiunoni mwa ng'ombe pamoja na mfupa wenye umbo la herufi T, huku sarara, huku steki ya mgongo. Unene wake ni sentimita 5 hadi 6, uzito kilo 1 hadi 1.5. Ikikatwa nyembamba, ndani huiva yote kabla nje hakujashika rangi. Watoskana husifia Chianina, ng'ombe weupe warefu wa bonde la Chiana, lakini hata nyama yao haichomwi siku ya kuchinjwa. Huning'inizwa kwenye chumba cha baridi wiki 2 au zaidi ili misuli ilegee. Hapa ndipo wengi wetu hukosea: nyama ya bucha iliyochinjwa alfajiri huwekwa jikoni jioni, kisha mkaa ndio unaolaumiwa kwa ugumu wake.

Mkaa uwe wa mti mgumu. Toskana hutumia mwaloni. Kwetu mgunga unafaa. Usiuwashe kwa mafuta ya taa, harufu yake haitoki. Tandaza kina cha sentimita 8 hivi, usubiri mpaka uvae majivu meupe, na uache upande mmoja wa jiko bila makaa. Mafuta ya nyama yakidondoka, moto hulipuka na kuacha masizi meusi machungu. Nyama ihamishiwe upande huo mtupu mpaka moto utulie. Kuunyunyizia maji hurusha majivu juu ya chakula.

Nyama itolewe kwenye friji mapema, saa 2 kabla, maana ikiingia jikoni na baridi yake huungua nje na kubaki baridi katikati. Ifute ikauke. Usiitie limau, kitunguu saumu wala viungo. Wavu uwe sentimita 10 juu ya makaa. Upande wa kwanza dakika 4 au 5, geuza mara moja tu kwa koleo (uma huitoboa na kumwaga maji yake), tia chumvi ya mawe upande ulioiva, kisha dakika nyingine 4 au 5. Halafu isimamishe juu ya mfupa wake dakika 5 hadi 7, joto lipande polepole. Mfupa huo una heshima kubwa: mwaka 2001, ulipopigwa marufuku kwa sababu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, mchinjaji Dario Cecchini wa Panzano, huko Toskana, aliifanyia bistecca mazishi. Ilirudi mezani mwaka 2006.

Katikati ikifika nyuzi 50, itoe na uipumzishe dakika 5 kabla ya kukata. Joto hilo haliui mabuu ya tegu yaliyojificha ndani ya nyama, yale malengelenge madogo meupe. Kwa hiyo nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi tu, na ukiwa na shaka igandishe kwa nyuzi 10 chini ya sifuri kwa siku 10 mfululizo. Mteja asiyetaka nyama yenye damu apewe mbavu, ambazo hustahimili moto mrefu. Fiorentina ikiivishwa kabisa hukauka.

Mkirudia makala hayo, tunaomba picha nyingine: makaa yenye majivu meupe, na nyama imesimama juu ya mfupa wake.

Wachomaji wa jiko la mkaa,
Malindi