Barua kwa Mama Yusra, kabla hujashangilia bei ya nyumba

Lavenham, Suffolk
11 Oktoba 2025

Shoga yangu Mama Yusra,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Salma ameanza sekondari, baba yake bado yuko zamu za usiku, nami nimeketi mezani na chai ya tangawizi, maana niliyotaka kukwambia Jumatano hayakufaa kusemwa kwa simu huku watoto wako wanagombana nyuma yako.

Ulikuwa na furaha, niliisikia. Mthamini amekuja ili ulipe ule mkopo wa serikali, amepima vyumba, amepiga picha, na karatasi imerudi imeandikwa pauni 410,000. Nyumba uliyoinunua kwa 320,000 mwaka 2020! Ukaniuliza mbona nimenyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nami nilifurahi hivyo hivyo siku ya karatasi yangu, nikampigia mama Lamu nikamwambia nyumba yetu imepanda, naye akasoma dua. Usiku ule nikachukua kalamu nikapiga hesabu, na usingizi ukaniruka.

Sikiliza, shoga. Ulipochukua Help to Buy, ule mpango wa serikali ya Uingereza wa kuwakopesha wanunuzi wa nyumba mpya, serikali ilikupa pauni 64,000, nawe kichwani mwako ukaiweka kuwa ni deni la 64,000. Wengi wetu tuliielewa hivyo. Lakini mkataba haukuandika hivyo. Umeandika asilimia 20. Ifikirie kama nyumba ya mirathi: wewe na mwenzako mmerithi, yeye ana fungu moja katika matano, wewe unakaa ndani. Siku ukitaka kumlipa atoke, humlipi kwa bei ya wakati wa babu. Mnaita mtu aipime leo, na fungu lake linatoka katika bei ya leo. Kwa hiyo karatasi ile ya 410,000 inasema deni lako sasa ni pauni 82,000. Elfu kumi na nane zimeongezeka na hujashika hata noti moja.

Mzani huo unakwenda pande zote mbili, nalo ni jambo la haki. Nyumba yako ingeshuka hadi 300,000, wangekudai 60,000 tu, na hasara wangeibeba nawe. Mimi siulaumu mpango wenyewe. Bila huo mpaka leo ningekuwa napanga. Ninachotaka ni uijue kazi ya karatasi uliyoishika.

Sasa nikueleze ya kwangu, maana vijiji vyetu vinafanana na kosa linaweza kuwa lile lile.

Umefika Lavenham ile Idi, umeona. Nyumba zaidi ya 300 zinalindwa na sheria, za boriti za mwaloni, zimeinama huku na huku kwa sababu mti ulijengwa ungali mbichi ukajipinda ulipokauka. Guildhall, lile jumba la kale la chama pale uwanjani, ni ya kiasi cha mwaka 1529. Kijiji hiki kilitajirika kwa kufuma kitambaa cha sufu cha buluu. Nilipoambiwa habari hiyo nilikumbuka kaniki za bibi. Kisha wafumaji wakimbizi kutoka ng'ambo wakaja Colchester na kitambaa chepesi, rahisi zaidi, na biashara ya hapa ikafa. Watu hawakuwa na pesa za kubomoa na kujenga upya, ndipo nyumba zikabaki zilivyo. Ni kama kwetu, shoga: reli ilipoanzia Mombasa na meli zikahama, Lamu ikapoa, na kupoa huko ndiko kulikoilinda Mkomani, mtaa wake wa kale, mpaka UNESCO wakaja kuuandika mji mkongwe wa Lamu kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Umaskini wa jana umekuwa bei ya leo.

Na bei hiyo ndiyo inayotufikia sisi tunaokaa pembeni, kwenye mtaa mpya wa matofali, kwa sababu tu anwani yetu ina jina la kijiji.

Mthamini wangu wa kwanza alikuwa mtu mwema, amesajiliwa RICS, chama cha wathamini wa Uingereza, kama masharti yanavyotaka, hana uhusiano na dalali yeyote, aliingia ndani akapima. Akaandika 350,000. Mimi nilinunua 280,000 mwaka 2017, mkopo wa serikali ukiwa 56,000. Kwa bei yake ningelipa 70,000. Nikarudi kuisoma ripoti ukurasa baada ya ukurasa, na karibu na mwisho nikakuta jedwali dogo la nyumba tatu alizozilinganisha na yangu. Ukurasa huo ndio moyo wa ripoti yote. Anatakiwa aonyeshe angalau nyumba tatu zinazofanana na yako zilizouzwa, na zisiwe mbali, maili mbili hivi. Kwangu moja ilikuwa ya mtaa wetu. Mbili zilikuwa nyumba za boriti, hatua chache kutoka uwanjani.

Hapo nikaona. Ni sawa na dalali wa Lamu aikadirie nyumba mpya ya Wiyoni kwa bei ya nyumba ya mawe ya Mkomani yenye vidaka na ua, kwa kuwa zote ziko Lamu. Anayenunua nyumba ya boriti ananunua miaka 500, na anakubali kutobadilisha dirisha bila kibali cha baraza. Anayenunua yangu anataka joto lisitoke ukutani, gereji, na vyumba 3 vya kulala. Tena mtaa wetu unalipa kila mwaka ada ya kutunza nyasi, taa na bwawa la maji ya mvua, ada ambayo nyumba za uwanjani haziijui. Hao ni wanunuzi wawili tofauti kabisa.

Baba Salma akasema tutafute mthamini mwingine atakayetupa bei ya chini. Nilikataa, na nakuomba nawe ukatae. Fungu lile ni mali ya umma, ni amana, na kumtafuta mtu wa kushusha namba kwa ajili yetu ni kumdhulumu mwenye fungu. Lakini kulipa zaidi ya haki yake nako si uchamungu. Haki ilikuwa kuuliza nyumba yangu inafanana na zipi.

Basi nikaingia kwenye orodha ya HM Land Registry, ofisi ya serikali ya kusajili ardhi na nyumba, ile ya bei za nyumba zilizouzwa. Ni bure, unaandika mtaa au msimbo wa posta, na inakwambia tarehe, bei, aina ya nyumba, na kama ilikuwa mpya siku hiyo ilipouzwa. Hilo la mwisho ulitazame sana. Nyumba mpya ikitoka mkononi mwa mjenzi huuzwa na nyongeza ya upya wake, kama gari. Ikiuzwa mara ya pili, nyongeza ile haimo tena. Yako sasa ni ya mara ya pili. Kwa hiyo ukilinganishwa na nyumba ambazo mjenzi anaziuza leo mwisho wa barabara, umeongezewa isivyostahili, hata kama kuta ni pacha.

Nilitumia jioni nne. Mtaani kwetu nilipata mauzo mawili ya mara ya pili. Zaidi ya hapo hakuna, kijiji ni kidogo na watu hawahami. Nikaenda mbele hadi Long Melford na pembezoni mwa Sudbury, nyumba za umri ule ule, vyumba vile vile. Nikamwandikia mthamini kwa adabu, bila kumwambia amekosea, bila kutaja bei ninayoitaka. Nikasema: nimeona umetumia nyumba hizi mbili za zamani, naomba unieleze umezirekebishaje thamani zake ili zilingane na yangu, na nakuletea mauzo haya uyatazame kama yanafaa.

Alinijibu baada ya siku tano, na alinijibu kama mtu anayeiheshimu kazi yake. Alisema mauzo machache ndiyo yaliyomrudisha uwanjani, na kwamba katika vijiji vidogo kuvuka zile maili mbili hukubalika ikiwa mthamini anaeleza sababu. Akasema pia kitu ambacho sikukipenda ila ni kweli: mtu anayehamia Lavenham hulipia jina, hata akinunua mtaa mpya, kwa hiyo bei za Sudbury haziwezi kuletwa hapa kama zilivyo. Usione vyaelea, mama. Akaiondoa nyumba moja ya boriti, akaweka mauzo ya pili ya mtaani kwetu, akatoa ripoti mpya: 338,000.

Fungu la serikali likawa 67,600. Pauni 2,400 pungufu ya mwanzo. Wengine wataona ni kidogo. Kwangu zilikuwa mishahara ya wiki nyingi za kusafisha wodi, na juu ya hapo nililala nikijua kila upande umepata haki yake.

Sasa wewe. Chukua ripoti yako, ufungue ukurasa huo wa nyumba tatu. Kijiji chako cha Kent nakijua kwa picha tu, lakini uliniambia kanisa lake ni la zamani na nyumba za makuti ya Kizungu zimejaa njia kuu, na mjenzi bado anauza zile za mwisho upande wa shamba. Kwa hiyo una hatari zote mbili, ya uzee na ya upya. Tazama nyumba tatu hizo ni zipi. Kama ni za mtaa wako, zimeuzwa mara ya pili, basi 410,000 ni bei yako, ikubali. Kama sivyo, andika barua kama yangu, na uiandike wiki hii, maana ripoti ina uhai wa miezi 3 tu tangu tarehe yake. Ikipita, utamlipa tena mthamini yule yule akupe barua ya kuiongezea muda, au uanze upya. Mawakili hawana haraka, unawajua. Na yule dalali aliyekukadiria bure sebuleni, na bei ya benki, na zile za kwenye mtandao, Homes England, shirika la serikali lenye mkopo huu, hawazipokei. Wanataka karatasi yenye nembo na sahihi ya mthamini, inayotaja thamani kamili ya soko.

Ukiuza ni shauri jingine, nawe uliligusia. Ukiuza, wanatazama bei uliyouzia na bei ya mthamini, wanachukua iliyo kubwa. Ukimwachia jirani kwa 390,000 na karatasi yako inasema 410,000, fungu lao linatoka kwenye 410,000. Elfu nne zinakutoka mfukoni kwa ukarimu. Usimpe mtu neno kabla ya karatasi kusawazishwa.

Kuhusu riba, najua ndiyo iliyokuamsha. Ile miaka 5 ya bure imekwisha, na sasa unalipa asilimia 1.75 ya zile 64,000 za mwanzo, yaani pauni 93 hivi kwa mwezi. Hakuna hata peni moja humo inayopunguza deni. Na kiwango chenyewe hupanda kila Aprili kwa mfumuko wa bei wa RPI, kipimo kimoja cha kupanda kwa bei za rejareja, pamoja na nyongeza ya asilimia moja, zikihesabiwa juu ya kiwango chenyewe, maana sisi tulionunua kabla ya Aprili 2021 tuko kwenye masharti ya zamani. Mimi yalinikuta mwaka 2022, RPI ilipofika asilimia 12.6 mwezi Septemba. Riba ya mogeji, ule mkopo wa nyumba wa benki, tayari nimeibeba moyoni, sikutaka kubeba mbili. Lakini usikimbilie kulipa kwa karatasi mbovu kwa sababu ya kukimbia riba. Miezi miwili zaidi kwako ni pauni 186. Karatasi mbovu ni maelfu.

Pesa zangu zilitoka benki 50,000 kwa kuongeza mogeji, na 17,600 zilizobaki ni akiba yetu na zamu yangu ya mchezo wa kina mama wa Ipswich, Mungu awape kheri, walinisogeza mbele foleni. Benki nao walileta mthamini wao, akaandika 330,000. Nyumba moja, wiki tatu, bei mbili. Kwa benki ningependa iwe juu, kwa serikali ningependa iwe chini, na nyumba yenyewe imesimama pale pale. Ndiyo maana nakwambia usiipende namba wala usiichukie. Uliza tu imetoka kwenye nyumba zipi.

Wakili akalipa, dai la serikali likafutwa kwenye hati, nami nikapokea barua ya ukurasa mmoja. Nimeiweka na vyeti vya watoto.

Nipigie Jumamosi baada ya Alasiri, Yusra awashike wadogo zake. Uwe na ripoti mkononi na kompyuta imewashwa, tutafute mauzo ya mtaa wako pamoja, moja moja. Nisalimie Baba Yusra, na mwambie ile kahawa aliyonileta imekwisha.

Wasalaam,
Shoga yako, Mama Salma