Barua kwa mwanangu: saa hazijumlishwi

Kwako mwanangu Rukia,

Assalaam alaikum. Sisi hapa Kisauni hatujambo, alhamdulillahi. Goti la mamako limetulia kidogo.

Picha ya karatasi ya mazoezi ya GRE, huo mtihani wako wa kuombea masomo ya uzamili, uliyonitumia jana nimeitazama mpaka simu ikaisha chaji, nikaichomeka, nikaitazama tena. Lile swali la mabomba. Moja lajaza tanki kwa saa 6, la pili kwa saa 3, yakifunguliwa pamoja tanki litajaa kwa muda gani? Wewe ukajumlisha 6 na 3, ukagawanya kwa 2, ukaandika saa 4 na nusu. Rukia! Hilo bomba la pili peke yake lamaliza kwa saa 3. Vipi lipate msaidizi kisha lichelewe? Hukujiuliza?

Saa hazijumlishwi, mwanangu. Kinachojumlishwa ni kazi ya saa moja. Kwa saa moja bomba la kwanza limetia sehemu moja ya sita, la pili sehemu moja ya tatu. Ziweke pamoja upate nusu tanki. Basi kwa saa 2 limejaa. Na kama sehemu zakutia kiwewe, lipe tanki mitungi 18: la kwanza latia mitungi 3 kwa saa, la pili 6, jumla 9. Ni saa 2 zile zile. Hakuna atakayekuuliza mitungi umeitoa wapi.

Najua hesabu waijua. Katika ukoo wetu aliyepata A ya hesabu kidato cha nne ni wewe peke yako, na karatasi ya matokeo mamako ameitia kashani pamoja na hati ya shamba la babu. Ndiyo maana naumia. Laiti ungekuwa hujui, ningenyamaza. Wewe wajua, ila waiona namba mbili tu mkono umeshaanza kujumlisha kabla hujamaliza kusoma.

Uliniambia hesabu ya hiyo GRE ni maswali 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26. Nimepiga, swali moja halifiki dakika mbili. Ni muda mchache, sikatai. Lakini kujiuliza "jibu hili liko chini ya saa 3?" hakumalizi hata sekunde tano. Kikokotoo cha kwenye skrini hakitakuuliza, kitakujumlishia saa zako vizuri kabisa na jibu litakuwa kosa. Ukikwama liwekee alama uliruke, urudi baadaye. Na usiache swali tupu, maana ukikosa hukatwi maksi.

Kosa hili mimi nalijua bei yake. Kulikuwa na kazi ya plasta, nyumba moja kule Nyali. Fundi wangu wa kwanza kazi kama ile huimaliza kwa siku 6. Nikaongeza wa pili, nikamwambia mwenye nyumba siku 3, tukaandikiana. Wa pili sikumuuliza akiwa peke yake huchukua siku ngapi. Alikuwa mtu wa siku 12. Moja ya sita na moja ya kumi na mbili ni robo, yaani siku 4. Kwa ile siku moja nilikatwa pesa, na pesa zile zilikuwa zimeshapangiwa. Ule muhula uliokaa nyumbani wiki mbili, nikakwambia tajiri amechelewesha malipo, tajiri hakuchelewesha. Alilipa siku ile ile, kwa mujibu wa tulivyoandikiana. Nimeona ulijue hilo.

Tanki la juu lavuja tena, pale bomba linapoungana nalo. Jana usiku nilipanda na tochi nikategesha mtungi wa lita 20 chini ya tundu, nikakaa nao mpaka ukajaa: dakika 24. Mfereji, siku maji yakija, hujaza mtungi huo huo kwa dakika 6. Tanki ni la lita 1,000. Mfereji watia lita 200 kwa saa, tundu latoa 50, zabaki 150. Badala ya saa 5 twangoja saa 6 na dakika 40, na maji ya hapa wayajua, huja yatakapo. Mtihani utakuandikia hivi: bomba moja lajaza kwa saa 5, jingine lamwaga tanki zima kwa saa 20. Hilo la kumwaga latolewa. Moja ya tano, toa moja ya ishirini. Soma kitenzi kabla ya namba, Rukia.

Tena tundu halitoi sawasawa. Tanki likijaa maji hutoka kwa nguvu, likipungua hulegea. Hayo tuachie sisi wa hapa nyumbani. Kwenye karatasi kila bomba lina mwendo mmoja, fundi hachoki, hangoji simiti, hagombanii ngazi na mwenzake. Siku ile usiwaze mambo ya saiti.

Pasipoti itazame leo. Jina lililomo liwe ndilo ulilojiandikishia, herufi kwa herufi, maana cheti chako cha kuzaliwa kina Rukiya. Mamako amekufungia mahamri na achari ya maembe, nduguyo ataipeleka kwa basi la asubuhi. Ile chupa ya achari ifungue polepole, mfuniko umelegea. Nduguyo naye rangi ya chumba chako ameianza, ameishia nusu ukuta, asema brashi mbaya. Brashi ni yangu, haina kasoro.

Usiku wa kuamkia mtihani ulale mapema. Lakini kabla ya hapo nifanyie hii moja. Mafundi wangu wale wale: wa siku 6 afanya siku 2 peke yake, ndipo wa siku 12 aingia wamalize pamoja. Kuanzia siku anapoingia wa pili, kazi yaisha baada ya muda gani? Nipigie picha ukurasa mzima, nione kila mstari. Usinitumie jibu peke yake.

Ni mimi babako.